Mnara wa Fischer, Hell's Gate: njia fupi ya kukwea mbele ya viota vya tumbusi na tai

Nguzo ya mwamba inayoitwa Mnara wa Fischer, iliyo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ina kimo cha takriban mita 25, yaani kama jengo la ghorofa nane hivi. Mkwezi hodari huimaliza kwa dakika chache. Mimi nilitumia karibu nusu saa mara ya kwanza. Nimeikwea mara tatu sasa, mara ya mwisho nikiwa na mpwa wangu wa miaka 14, na ninaandika tathmini hii kwa sababu watu wanaoniuliza kuhusu huduma ya viongozi wanaowakwesha wageni hapo huuliza bei na usalama, basi. Maswali hayo ni ya haki na nitayajibu. Lakini jambo linaloitofautisha njia hii na kuta za mazoezi za mjini ni kwamba mkabala wake kuna majabali marefu ambako tumbusi na tai hutaga na kulea makinda, na mwenye kuikwea bila kulijua hilo ameondoka na nusu ya alichokilipia, tena huenda akawa amewadhuru wenyeji wa pale bila kukusudia.

Hukumu yangu nitaitoa mapema: ni huduma nzuri, inamfaa mtu ambaye hajawahi kushika kamba maishani mwake, na ubora wake unamtegemea kiongozi unayempata kuliko unavyoutegemea mwamba. Nimepata viongozi wawili wa kupigiwa mfano na mmoja ambaye singependa kumfuata tena.

Kuhusu kufika, hakuna mengi ya kusema. Mbuga hii iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na ukiingia kwa Lango la Elsa mnara unauona muda mfupi baadaye, umesimama peke yake kando ya barabara ya vumbi kama mtu anayesubiri matatu. Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, swala na ngiri, hivyo wengi hufika chini ya mnara wakiwa tayari na jasho. Ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya mtandao. Usiende langoni na noti mkononi ukadhani zitapokelewa. Malipo ya kukwea ni jambo jingine: mnapatana na viongozi wenyewe, na ni vyema mkubaliane kabla kama bei ni ya kila mtu au ya kikundi, na kama vifaa vimo ndani yake.

Jina la mnara linatokana na Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika bonde hili mwaka 1883 akitafuta njia ya kuelekea Ziwa Victoria. Wamaasai walikuwa na maelezo yao kabla yake, na ndiyo ninayopenda kuwapa watoto: msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa alikatazwa asigeuke kutazama nyuma, lakini alilikumbuka boma la wazazi wake, akageuka, akawa jiwe. Kijiolojia, nguzo hii ni mabaki ya volkano, kizibo cha lava iliyoganda kisha vitu laini vilivyoizunguka vikamomonyolewa. Bonde lenyewe lilichongwa na maji ya ziwa la kale, kubwa kuliko Naivasha ya leo, yaliyokuwa yakitoka kuelekea kusini. Mambo hayo mkwezi huyagusa kwa vidole, kwa maana mwamba una mipasuko, vishimo na kingo ambazo zimeachwa na historia hiyo, na ndizo anazozishika.

Kwa asiyejua, nieleze kwanza aina ya ukwezi wenyewe. Mkwezi wa minazi kule Pwani hutegemea mikono, miguu na kitanzi chake, akiteleza, ameteleza. Katika ukwezi wa kimichezo, mwamba hutobolewa na bolti za chuma hukazwa humo zibaki za kudumu, na juu kabisa huwekwa nanga ambayo kamba hupitishwa. Anayetangulia huchomeka kamba kwenye kila bolti anapopanda. Wageni wa Mnara wa Fischer hawatangulii, hivyo hatari ya anayetangulia haiwapati: kiongozi hukwea kwanza, hupitisha kamba kwenye nanga ya juu, na mgeni hupanda huku kamba ikimshika kutoka juu na mwenzake wa chini akiivuta kila inapolegea. Ukiachia mkono, unaning'inia pale pale ulipo. Kwa namna hiyo hofu haiondoki, lakini hatari hupungua sana, mradi vifaa ni vizima na mshika kamba hachezi.

Nitaeleza namna kiongozi wa mara ya tatu alivyotuandaa, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho ningependa kila mtu akitumie. Alimvalisha mpwa wangu mkanda wa kiunoni na mapajani, akaukaza, kisha akamwambia ajaribu kuushusha kwa mikono yake mwenyewe, haukushuka. Akamfunga kamba kwa fundo la umbo la nane, akalihesabu fundo hilo kwa sauti, uzi kwa uzi, huku mtoto akitazama. Akaifunga karabina, ile pete ya chuma yenye mlango inayounganisha kamba na mkanda, na kunitaka mimi niibonyeze kuhakikisha kwamba imejifunga. Akakagua kofia ngumu ya kila mmoja, hata yangu mimi niliyekuwa bado nimekaa. Mambo hayo yalichukua dakika kumi, na kulikuwa na watu waliotusubiri, lakini hakuharakisha. Ndipo akafundisha maneno: anayepanda huuliza "Umeshika?", na hapandi mpaka asikie "Nimeshika." Akitaka kuteremshwa husema "Nishushe", wala si neno jingine lolote, kwa kuwa upepo wa bonde hili hula sauti na maneno yanayofanana yamewahi kuwaponza watu mahali pengi.

Kisha akasema jambo ambalo kiongozi wa mara ya pili hakulisema kabisa. Alitugeuza tuupe mnara mgongo, akatuonyesha kwa mkono jabali la ng'ambo, na kusema, "Mwalimu, mnaiona ile michirizi myeupe? Pale ndipo wanapolala na kutaga. Sisi huku hatupigi kelele, hatupigi mbinja, na mtoto akifika juu asishangilie kwa kupiga mayowe. Ashangilie kwa mkono." Mpwa wangu akaahidi, na ahadi yake akaitimiza.

Michirizi hiyo ni kinyesi cha ndege kilichoteremka juu ya jiwe kwa miaka na miaka hadi likaonekana kama limemwagiwa chokaa. Ukiiona kwenye jabali lolote, ujue juu yake kuna kituo cha ndege wakubwa, na mara nyingi kiota. Wakwezi nao huacha alama nyeupe, za unga wanaopaka viganjani ili jasho lisiwatelezeshe. Kwenye mnara alama hizo ni nyingi na zinaonyesha waziwazi njia ya kufuata. Nilizitazama zile za mnarani na zile za ng'ambo nikaelewa vizuri mpaka ulipo.

Njia yenyewe ni ya uaminifu. Kwa makadirio yangu iko kwenye daraja la 5 la mfumo wa Ufaransa wa kupima ugumu wa njia za kukwea, daraja ambalo anayeanza hulimudu, nikilinganisha na njia za ukuta wa ndani nilizojifunzia Nairobi, ingawa kwenye mwamba halisi hakuna rangi ya kukuambia ushike wapi. Mita za mwanzo zina hatua pana na mtu hupanda kama anayepanda ngazi za mawe. Ugumu unakuja katikati, mahali ambapo jiwe linasimama wima na kishikizo kizuri kiko juu kidogo kuliko unavyotaka. Mikono ikianza kuchoka hapo, ni kwa sababu umekuwa ukijivuta badala ya kusimama. Mara ya kwanza nilikwama hapo kwa dakika nyingi, kifua kikiwa kimegandama jiweni, mpaka kiongozi akaniita kutoka chini: "Mwalimu, usitafute kwa mkono. Mguu wako wa kulia, upandishe kwenye kishimo, kisha simama." Niliupandisha, nikasimama, na mkono ukafika wenyewe. Mengi niliyojifunza baadaye kuhusu kukwea yamo katika maneno hayo.

Jiwe lina mshiko mzuri likiwa kavu. Baada ya mvua singelishauri, kwa sababu vumbi la bonde hili likilowa huwa utelezi, na mipasuko huchukua muda kukauka. Jua la adhuhuri nalo huupasha mwamba moto, na mtu mwenye viganja laini ataumia. Pana mahali ambapo miguu ya wageni wengi imesugua kingo zikang'aa. Hilo ni jambo la kawaida kwa njia inayotumika kila wikendi, na viatu vya kukwea, ambavyo viongozi wengine huwa navyo na wengine hawana, husaidia sana hapo. Ukija na raba za kawaida, chagua zenye soli nyembamba na ngumu.

Kisha unafika juu, karibu na nanga, na hapo ndipo urefu wa mita 25 unapogeuka kuwa fadhila. Njia ndefu zipo Hell's Gate. Wanachama wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949, wamekwea kuta kubwa za bonde hili kwa miongo mingi, na wapo wageni wenye ujuzi ambao watauona mnara kuwa mchezo wa watoto. Mimi ninautetea ufupi wake. Mnara umesimama mbali kidogo na majabali, hivyo anayeukwea hapiti juu ya kiota cha yeyote wala hamtokei ndege ghafla kutoka chini ya ukingo alioulalia. Anapanda kimo cha kutosha kuyaona majabali uso kwa uso, halafu anashuka. Kwa wageni wengi wanaokuja bila mafunzo, siwezi kufikiria mahali pafaapo zaidi ndani ya mbuga hii.

Ukiwa pale juu, mwombe mshika kamba akushikilie kwa dakika moja, geuza uso, utazame. Asubuhi ya ziara yangu ya tatu tulihesabu tumbusi saba kwenye jabali. Walikuwa tumbusi wa Rüppell, ndege wa mabawa yanayotanda zaidi ya mita mbili, wenye manyoya ya kahawia iliyokolea yaliyopambwa kwa mistari myeupe kama magamba. Ndege hawa wazito hawapendi kupiga mabawa. Husubiri jua lipashe bonde joto, hewa ianze kupanda, kisha hujitupa kutoka ukingoni na kubebwa. Ndiyo maana kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi utawaona wakiondoka mmoja mmoja, wakizunguka bila kutikisa bawa hadi wanapokuwa vitone. Mwaka 1973 mmoja wa aina yao aligongana na eropleni juu ya Abidjan katika kimo cha takriban mita 11,300, na hakuna ndege mwingine ambaye amewahi kuthibitishwa kuruka juu kiasi hicho. Mpwa wangu alipoelezwa hilo akiwa bado ananing'inia, alitazama chini, akatazama juu, akanyamaza. Nilifurahi kwamba alinyamaza.

Tumbusi hawa hutaga yai moja tu. Wazazi wote wawili hulilalia kwa zamu kwa karibu siku 55, na kinda likishaanguliwa hukaa kiotani miezi mitano hivi kabla ya kuruka. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali katika tathmini hii. Mzazi akishtuliwa akaruka kutoka kwenye yai, yai linabaki juani, au kunguru analiona. Na likipotea, jozi ile imepoteza mwaka mzima. Tangu 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, limewaweka ndege hawa katika kundi la walio hatarini zaidi ya yote kutoweka. Sababu kubwa hailetwi na wakwezi, inaletwa na sumu: mfugaji aliyepoteza ng'ombe hutia sumu kwenye mzoga ili amuue simba au fisi, na tumbusi, ambao hula mizoga kwa makumi, hufa wote pamoja. Lakini kwa kuwa wanauawa hivyo huko malishoni, kila kiota kilichobaki kwenye jabali kina thamani kubwa kuliko zamani, na mtu anayekwea mbele yake kwa ajili ya furaha yake mwenyewe hana kisingizio.

Hell's Gate tayari imeshawahi kuona jabali likinyamaza. Tumbusi mwenye ndevu, yule anayedondosha mifupa kutoka juu ipasuke ili ale uboho, alikuwa akizaliana hapa, akatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palifanyika juhudi za kumrudisha kwa kuwaachilia ndege wachache. Mara zote tatu nilizofika sikumwona.

Tai mweusi, ambaye wataalamu humwita tai wa Verreaux, tulimwona, na kisa chake kinahusu moja kwa moja yale yanayotendeka chini ya mnara. Ni tai mkubwa, mweusi kama makaa, mwenye alama nyeupe ya umbo la V mgongoni, ambayo mtu wa chini haioni mpaka ndege ageuke angani. Chakula chake kikuu ni pimbi. Hujenga kiota cha vijiti kwenye rafu ya jabali, akakirudia mwaka baada ya mwaka akikiongezea vijiti, na kwa kawaida hutaga mayai mawili ingawa ni kinda moja tu linalofikia kuruka, kwani lile lililotangulia kuanguliwa humshambulia mdogo wake hadi afe. Nilipomweleza mpwa wangu hilo aliniuliza, "Na mama yao haamui, Shangazi?" Nikamjibu kwamba haamui.

Pimbi wenyewe wako tele chini ya Mnara wa Fischer. Wamezoea watu kiasi cha kuja hadi kwenye mkoba ulioufungua, na hapo ndipo ninapofika kwenye malalamiko yangu. Katika ziara yangu ya pili, kiongozi tuliyempata, ambaye simtaji, aliwarushia pimbi biskuti ili wateja wapige picha, akawasha kipaza sauti kidogo cha muziki na kukiweka juu ya jiwe wakati sisi tukipanda zamu kwa zamu. Vifaa vyake vilikuwa sawa. Kamba yake ilikuwa nzima na alishika vizuri. Nilipomuuliza kuhusu michirizi myeupe ya ng'ambo alisema ni chumvi. Huyo alinipandisha na kunishusha salama, na bado ninasema huduma yake ilikuwa mbovu. Pimbi aliyezoea biskuti husahau kukaa macho, huumwa tumbo, na huuma vidole vya watoto. Nimeshuhudia mtoto wa kikundi kingine akilia kwa hilo. Pimbi ni riziki ya tai aliye kiotani, wala si mwanasesere wa mgeni. Na muziki, katika bonde lenye kuta pande mbili, haubaki pale ulipouweka. Unagonga jabali na kurudi, na ndege walio pale wanausikia mara mbili.

Nilimwambia hayo kwa upole tuliposhuka. Akazima. Labda hakuwahi kuelezwa, na ninadhani tatizo liko hapo: mafunzo ya viongozi yanakazia fundo na kamba, kama inavyostahili, lakini maarifa ya ndege yanaachiwa moyo wa mtu binafsi. Kiongozi wa mara ya tatu aliniambia alijifunza kuhusu tumbusi kwa baba yake aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu na bonde, kabla hajagusa kamba. Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa bahati kila wikendi, na ingefaa walinzi wa mbuga, walio chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wawape viongozi wote nusu siku ya kufundishwa kuhusu viota, wakaweka na bango dogo chini ya mnara linaloonyesha jabali la ng'ambo na kueleza ile michirizi ni nini.

Swali moja ambalo wakwezi wenye uzoefu wameniuliza ni kama kuna miezi ambayo hawapaswi kwenda. Wanauliza hivyo kwa sababu ya mazoea ya kwingineko. Nchini Uingereza, kwa mfano, ambako ndege mwindaji aitwaye kozi hutaga majira ya kuchipua, sehemu nyingi za majabali hufungwa kwa wakwezi takriban kuanzia Machi hadi Juni, kisha hufunguliwa makinda yakishaondoka. Kalenda inajulikana na watu huifuata. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, ndege hawafungwi na majira ya baridi na joto kwa namna hiyo. Tumbusi wa Rüppell huweza kutaga kwa nyakati tofauti kutoka jabali moja hadi jingine na kutoka mwaka hadi mwaka, kutegemea mvua na mizoga, na miezi saba ya kulalia na kulea inakula sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo tarehe ya kukariri haipo. Kinachofaa ni kuuliza langoni ni sehemu gani za kuta zina viota vyenye ndege wakati huo, na kujiepusha nazo hata kama hakuna aliyekukataza. Anayetaka kukwea kuta kubwa anadaiwa uangalifu huo zaidi ya sisi wa mnarani. Dalili ni rahisi kuzijua: ndege akikuzungukia karibu huku akilia, au akiondoka ukingoni na kurudi mara kwa mara bila kutua, wewe uko mahali pasipokufaa, na unapaswa kushuka hata kama umebakiza bolti moja.

Mnarani kwenyewe, saa ninayoipenda ni ya asubuhi mapema, lango likishafunguliwa tu. Jiwe bado ni la baridi, magari ya vikundi vikubwa hayajafika, na tumbusi bado wamekaa, hivyo yule anayesubiri zamu yake chini ana cha kutazama. Njoo na darubini, hata ya bei nafuu. Sisi tulikuwa na moja kwa watu wanne na iligombaniwa. Njoo na maji yako mengi, kwa sababu vumbi linakausha koo. Usije na droni, ambayo hairuhusiwi bila kibali, na ambayo kwa ndege aliye kiotani ni adui anayemjia usawa wa macho. Kama kuna nyuki wameonekana kwenye mpasuko, acha. Viongozi wa hapa hawabishani na nyuki na hiyo ni moja ya sifa zao.

Kwa wazazi: mtoto wa miaka 8 au 9 anaweza, iwapo mkanda unamkaa sawasawa. Dai mkanda wa saizi yake. Ukimwona kiongozi akiukunja mkanda wa mtu mzima mara mbili ili umtoshe, shukuru, kisha umwondoe mtoto. Mwenye hofu ya kimo asidharauliwe. Dada mmoja tuliyekutana naye pale alipanda mita tano, akasema "Nishushe", akateremshwa, akakaa na darubini kwa saa nzima, na yeye ndiye aliyetuonyesha kiota cha tai mweusi, rundo la vijiti kwenye rafu yenye kivuli ambalo sisi wakwezi tulikuwa tumelipita kwa macho mara kumi.

Ni kupitia macho yake tuliona tukio la mwisho. Ilikuwa yapata saa nne, mpwa wangu alikuwa ndio kwanza ameshushwa na vidole vyake vinatetemeka, na pimbi waliokuwa wakiota jua juu ya mawe walitoa mlio mmoja mkali na kutoweka wote kwa pamoja. Kivuli kilipita juu ya nyasi, kikapanda mnara, kikavuka njia tuliyokuwa tumeikwea, na tai mweusi akatokea juu yetu, chini kiasi kwamba tuliisikia hewa katika mabawa yake. Hakuwa na kitu kwenye makucha. Aligeuka, ile V nyeupe ikaonekana kwa nukta moja, akarudi ng'ambo na kutua kwenye rundo la vijiti. Kiongozi, ambaye bila shaka amewaona mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, aliiacha kamba chini, akavua kofia yake ngumu na kusimama akitazama pamoja nasi. Kundi lililofuata lilikuwa limeshafika na lilikuwa likimwita. Aliwaonyesha kidole mdomoni, akaelekeza jabalini, nao wakanyamaza. Ndipo akaanza kumkagua mkanda mteja wake wa kwanza.